Mlima, Baiskeli na Hesabu Isiyofundishwa

Mwezi Septemba 2025 mji wa Kigali, Rwanda, uliyapokea mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani, ambayo hayakuwahi kufanyika katika bara la Afrika. Waliouchagua mji huo hawakuchagua tambarare. Kigali imejengwa juu ya vilima, na miongoni mwa njia walizopita washindani ilikuwamo ile ya mawe ya Kimihurura, inayopanda kwa wastani wa asilimia 6 hivi, yaani kila mita 100 za barabara huinuka mita 6. Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda mbio za wanaume, aliipanda njia hiyo mara nyingi kwa mwendo ambao mtu wa kawaida huupata penye tambarare tu. Watazamaji walishangilia, nao walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini vilima vya Rwanda vina wapanda baiskeli wengine, ambao hawavai namba mgongoni. Hao ni vijana wanaopeleka sokoni magunia ya viazi, madumu ya maziwa na mikungu ya ndizi kwa baiskeli za chuma zisizo na giya. Wakifika penye mwinuko hushuka, wakashika usukani kwa mkono mmoja na keria kwa mkono wa pili, wakasukuma. Msafiri anayewatazama kupitia dirisha la gari huona watu walioshindwa. Jambo hilo halihitaji pasipoti kuonwa: liko katika barabara ya Mombo kwenda Lushoto, liko katika miteremko ya Rungwe, na mwanafunzi yeyote ambaye shule yake iko juu ya mlima hulijua kwa magoti yake. Anakijua pia kicheko kinachompata mwenzao anayeshuka kwanza. Huyo huambiwa kwamba hana mapafu, au kwamba hakula.

Kicheko hicho ni kosa la fizikia. Anayeshuka amefanya hesabu, ingawa hakuiandika, na aghalabu jibu lake ni sahihi. Wanaostahili kulaumiwa ni wale waliomwuzia baiskeli iliyopimwa kwa ajili ya tambarare, pamoja na shule iliyomfundisha habari za mashine bila ya kumwonyesha mashine aliyokuja nayo asubuhi.

Hebu msomaji achukue kalamu. Mpanda baiskeli ana kilo 60, baiskeli yake ya chuma ina kilo 20, na nyuma amefunga gunia la kilo 40. Jumla ni kilo 120. Dunia huivuta kila kilo kwa kani ya newtoni 9.8, kwa hiyo vyote pamoja vinavutwa kwa newtoni 1,176. Katika mwinuko wa asilimia 6, sehemu ya kani hiyo inayomrudisha mtu nyuma ni asilimia 6 yake, yaani newtoni 70 na kitu. Matairi na barabara nayo yanadai takriban newtoni 12. Basi mpandaji, asipotaka kurudi nyuma, sharti atoe newtoni 82 hivi pale tairi la nyuma linapogusa ardhi.

Newtoni 82 ni sawa na kuinua kitu cha kilo 8 na kidogo. Kijana gani atashindwa na kilo 8? Tatizo halipo tairini. Liko njiani, kati ya mguu na tairi.

Baiskeli ya kawaida ya mizigo huwa na gurudumu la meno la mbele lenye meno 44 hadi 48, na la nyuma lenye meno 18 hadi 20. Na ichukuliwe ile iliyo nyepesi kuliko zote katika hizo, 44 kwa 20. Pedali ikizunguka mara moja, tairi huzunguka mara 2.2, na kwa kuwa tairi la inchi 28 lina mzingo wa mita 2.2 hivi, kila mzunguko wa pedali humsogeza mtu karibu mita 4.8. Pedali yenyewe, ambayo mkono wake una sentimita 17, imesafiri mita 1.07 tu. Mguu unakwenda njia fupi, tairi linakwenda njia iliyo ndefu mara nne na nusu. Kazi inayoingia kwenye pedali ndiyo inayotoka kwenye tairi, ukiacha kidogo kinachopotea katika mnyororo. Hivyo mguu hauna budi kusukuma kwa kani iliyo kubwa mara nne na nusu kuliko ile inayohitajika tairini. Zile newtoni 82 zimekuwa 370, sawa na uzito wa kilo 38.

Na huo ni wastani tu. Pedali ikiwa juu kabisa au chini kabisa, kuikanyaga hakuzungushi chochote. Msukumo wenye faida hupatikana inapokuwa mbele. Kwa sababu hiyo kilele cha msukumo hufikia kiasi cha mara moja na nusu ya wastani, yaani karibu kilo 60.

Msomaji arudi juu aangalie mpandaji ana kilo ngapi. Hata akisimama wima juu ya pedali moja kwa uzito wake wote, anatosha kwa shida. Mwinuko ukifika asilimia 8, pedali haishuki tena kwa uzito wa mtu. Atabaki amesimama juu yake kama aliyesimama juu ya kipandio cha ngazi, mpaka avute usukani kwa mikono, baiskeli iyumbe, na gunia lianze kuamua lielekee wapi. Moyo wa ushupavu hauongezi kilo hata moja katika hesabu hiyo.

Iko hesabu ya pili, nayo ni ya wati. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anaweza kufanya kazi ya wati 100 hivi kwa muda mrefu bila ya kuzimia. Bingwa wa mbio za milimani huweza kutoa wati 400 kwa nusu saa, na ndiyo sababu anaitwa bingwa. Kwa wati 100, mtu wa mfano huu atapanda kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, ambao ni kilomita 4.4 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu! Pedali zake zitazunguka mara 15 tu kwa dakika, ilhali mguu wa binadamu hupenda mara 60 au zaidi, na baiskeli iendayo polepole namna hiyo haikubali kusimama wima. Kwa nini basi asitembee kweli? Akishuka na kusukuma, baiskeli na gunia ni kilo 60, na kani ya kuvipandisha ni newtoni 41, sawa na uzito wa kilo 4 na kidogo. Mtu anayeipandisha shehena ya kilo 60 mlimani kwa kusukuma kilo 4 hastahili kuonewa huruma. Anaitumia mashine kama inavyopasa. Mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, Wavietnamu walisukuma baiskeli zenye mizigo ya kilo 200 na zaidi katika njia za milimani, na hakuna mwanahistoria aliyewaita wavivu kwa kuwa hawakuzipanda.

Sasa liondolewe gunia, abaki kijana na baiskeli yake, jumla kilo 80. Hapa ndipo giya inapoonyesha kazi yake. Kani tairini ni newtoni 55, na kwa wati zilezile 100 atakwenda kilomita 6.5 kwa saa. Kwa meno 44 na 20, pedali huzunguka mara 23 kwa dakika, na msukumo wa wastani ni kilo 25. Akipewa meno 32 mbele na 28 nyuma, pedali zitazunguka mara 43 kwa dakika, na msukumo utashuka hadi kilo 13. Atafika juu saa ileile. Jambo hili huwatatiza wanafunzi wengi, ambao huamini kwamba giya huongeza nguvu. Giya haiongezi kitu. Mlima hudai kazi ileile, na wati ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba mguu umelipa deni kwa sarafu ndogo ndogo badala ya noti moja kubwa ambayo haukuwa nayo mfukoni.

Wenyeji wa milimani wamegundua giya nyingine isiyouzwa dukani, nayo ni kupanda kwa kukata upande, kushoto na kulia, badala ya kuelekea juu moja kwa moja. Katika mwinuko wa asilimia 10, anayekata nusu pembe mraba hupanda kama aliye katika asilimia 7, ila njia yake imerefuka. Wahandisi wa barabara hufanya vivyo hivyo wanapozungusha barabara kwa kona nyingi mlimani. Tofauti ni kwamba mhandisi hakutani na lori katikati ya kona anayoichora.

Dharau kwa anayetafuta wepesi mlimani haikuzaliwa Afrika. Ufaransa iliwahi kuifanya kanuni. Mbio za kuizunguka nchi hiyo zilianzishwa na Henri Desgrange mwaka 1903, naye aliamini kwamba mbio ni kipimo cha mtu. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameandika kwamba vifaa vya kubadili giya ni vya watu waliopita miaka 45. Mwaka 1910 mbio hizo zilipelekwa katika milima mirefu ya Pyrenees, na washindani wakakutana na Tourmalet, njia inayofika mita 2,115 juu ya usawa wa bahari. Octave Lapize, aliyepita kileleni wa kwanza na ambaye mwishowe alishinda mbio zote za mwaka huo, alilazimika kushuka na kusukuma. Gustave Garrigou, aliyemfuata, alipanda bila ya kuweka mguu chini, akatunukiwa faranga 100 kwa ajabu hiyo. Hao walikuwa miongoni mwa wapanda baiskeli hodari kuliko wote duniani wakati wao, wala hawakuwa na gunia la viazi nyuma.

Katika miaka hiyohiyo alikuwapo mtu wa Saint-Étienne aitwaye Paul de Vivie, mwenye gazeti la waendesha baiskeli, ambaye alijaribu giya moja baada ya nyingine katika milima ya kwao na kuandika bila kuchoka kwamba njia ya kumpandisha binadamu mlimani ni kubadili giya. Alifariki mwaka 1930 kabla ya kuona ushindi wake. Washindani wa mbio kubwa waliendelea kufungua gurudumu la nyuma chini ya mlima na kuligeuza, kwa kuwa lilikuwa na meno machache upande mmoja na mengi upande wa pili. Sheria iliruhusu kupoteza muda huo, ikakataza kifaa cha kuuokoa. Vifaa vya kubadili giya viliruhusiwa mwaka 1937. Leo mabingwa hupanda milima wakiwa na meno 30 na zaidi nyuma, na hakuna anayewauliza umri wao.

Ni ajabu basi kwamba mtu mwenye wati 400 na baiskeli ya kilo 7 hupewa giya zaidi ya 20, na mtu mwenye wati 100 na gunia hupewa moja, tena ile ya tambarare. Ajabu hiyo ina gharama yake, na pengine hakuna mahali inapoonekana wazi kama katika barabara inayotoka Bujumbura, Burundi, kwenda Bugarama. Bujumbura iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko juu ya mita 2,000, na kati yao ni kilomita zaidi ya 30 za kona. Vijana huteremsha ndizi na mazao mengine hadi mjini kwa baiskeli. Kurudi, hushika sehemu ya nyuma ya malori yanayopanda, mkono mmoja kwenye bodi la lori na mmoja kwenye usukani, wawili, watatu au zaidi kwa lori moja, mpaka juu. Wapo waliokufa katika kazi hiyo. Lori likipunguza mwendo ghafla, au likikata kona, au mwenye kuning'inia akikutana na shimo asiloliona kwa sababu lori limeliziba, hana la kufanya.

Ni rahisi kuwaita wendawazimu. Lakini kijana wa kilo 60 mwenye baiskeli tupu ya kilo 20, akitaka kupanda mita 1,400 kwa miguu yake, anadaiwa kazi ya juli milioni moja na kitu, na kwa wati 100 hiyo ni karibu saa tatu bila ya kuhesabu msuguano. Kwa giya yake moja hawezi kuimaliza njia akiwa juu ya tandiko. Atasukuma sehemu kubwa, na siku imekwisha. Lori humfikisha kwa muda mfupi, akapakia tena. Katazo la polisi, ambalo ni la haki, halijibu hesabu hiyo.

Isitoshe, hatari yenyewe huanza wakati wa kushuka. Mtu, baiskeli na ndizi za kilo 80 ni kilo 160. Vikiteremka mita 1,400 huachia juli milioni 2.2, ambazo zingetosha kuchemsha lita 7 za maji yaliyokuwa na nyuzi 25. Hewa huchukua sehemu, na iliyobaki huishia katika vipande viwili vitatu vya mpira wa breki vyenye ukubwa wa kidole, na mara nyingi katika soli ya kandambili inayokandamizwa kwenye tairi.

Je, dawa ni kumpa kila mtu baiskeli yenye giya 21? La hasha. Madukani zimejaa baiskeli zinazoitwa za milimani, zenye rangi nyingi na chuma laini, ambazo kifaa chake cha giya hupinda katika mwaka wa kwanza, waya hukatika, na fundi aliye chini ya mwembe huishia kufunga mnyororo kwenye gurudumu moja la meno na kuirudisha kuwa baiskeli ya giya moja, mbaya kuliko ya babu. Vumbi na tope si marafiki wa vifaa vinavyoning'inia nje. Ziko njia za kiasi zaidi. Kitovu chenye giya tatu ndani yake, kilichoanza kutengenezwa Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, hujificha na vumbi, na giya yake ya chini hupunguza msukumo wa mguu kwa robo. Na iko njia ya bei ndogo kuliko zote: kubadili gurudumu la meno la nyuma. Baiskeli ya meno 18 ikipewa 22, msukumo hupungua kwa takriban sehemu moja ya tano. Kijana atakwenda polepole zaidi tambarare, na pengine mnyororo utahitaji kuongezewa kiungo kimoja au viwili. Lakini mnunuzi wa Lushoto na mnunuzi wa Dodoma huuziwa meno yaleyale, kwa kuwa muuzaji haulizi mtu anakaa wapi, na mnunuzi hajui kwamba jambo hilo linaweza kuulizwa.

Hajui, ingawa amefika kidato cha pili na kuchora mashine sahili katika daftari: wenzo, kapi, ubao ulioinama. Ubao huo huchorwa na kijiti cha pembetatu chini yake na boksi juu yake, na maswali yake huulizwa kuhusu boksi. Nje ya dirisha pana mteremko halisi, na chini ya mti wa shule zimeegeshwa baiskeli kumi. Mwalimu hahitaji maabara. Achukue kamba ya mita 20, ubao ulionyooka wa mita moja, na chupa yenye maji nusu ya kupimia usawa. Aulaze ubao barabarani, auinue ncha ya chini mpaka maji yakae sawa, kisha apime kwa rula nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Sentimita 6 ni asilimia 6. Wanafunzi wahesabu meno ya mbele na ya nyuma, wapime mkono wa pedali na mzingo wa tairi, wakokotoe wenyewe ni kilo ngapi mguu utadaiwa, kabla ya mtu yeyote kupanda.

Kisha apande mmoja. Ikiwa yeye na baiskeli ni kilo 70, na katika mita 200 za mwinuko huo amepanda mita 12 kwa sekunde 80, amefanya kazi ya juli 8,232, yaani wati 103. Wengi watashangaa kwamba mwenzao anayetweta kiasi hicho angeweza kuwasha taa moja tu ya aina ile ya zamani ya wati 100. Apande tena na matofali kwenye keria, moja baada ya jingine, na darasa liandike ni tofali la ngapi lililomshusha.